Tunamwekea mdogo wangu dawa kwenye uji bila yeye kujua. Jana uji ule akaunywa mwanangu

DadaWaGomz

Wakuu salamu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu nimekesha hospitali na sina wa kumweleza bila kuianika nyumba yetu.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 23. Alikuwa chuo Morogoro, mwaka wa pili. Mwaka juzi wenzake wakatupigia simu: hajalala siku nne, anabishana na ukuta, madaftari yote kayachana. Tukamfuata, tukamleta nyumbani Gongo la Mboto. Ya katikati mliopitia mnayajua: Bagamoyo kwa mzee mmoja, mbuzi mweusi, halafu mkesha wa maombi siku saba Kivule, halafu ndiyo hospitali. Wakasema skizofrenia. Akalazwa wiki tatu, akatoka anaoga mwenyewe, anaongea ya kueleweka, hata kucheka anacheka.

Shida ni dawa. Alimeza kama miezi miwili, akagoma. Ukimsimamia anazibana chini ya ulimi, anaenda kuzitema chooni. Akizikosa wiki mbili tatu anaanza kukesha, redio inamsema, jirani anamtungia nyimbo. Mara ya mwisho alitoka saa tisa usiku, tukamkuta anatembea peku Barabara ya Pugu, anakwenda Morogoro kufanya mtihani. Ndipo shoga yake mama akasema: sageni, tieni kwenye uji. Tumefanya hivyo tangu mwezi wa tatu. Anayesaga ni mimi. Kijiko juu ya kijiko, sukari nyingi. Na sitawadanganya, imesaidia. Analala, hatoki usiku.

Jana asubuhi maji yalitoka, nikakimbilia kujaza ndoo. Narudi namkuta mwanangu wa miaka sita amekaa kwenye kigoda cha mjomba wake, kikombe cha kijani mkononi, amefika nusu. Nikamwangalia, anacheka tu, mzima. Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Mchana akalala kupita kawaida. Saa mbili usiku shingo ikaanza kukunjika kuelekea bega la kushoto, macho yakapanda juu, ulimi nje, anataka kulia sauti haitoki. Mama anasema degedege. Jirani anasema katupiwa. Nikambeba, boda, hospitali, nikamwambia daktari kila kitu. Akachomwa sindano, haikupita nusu saa shingo ikarudi mahali pake. Wakatubakiza mpaka asubuhi.

Sasa mtoto anacheza. Mdogo wangu ananiuliza, "Dada, mtoto alipatwa na nini?" Sijamjibu.

Niendelee na uji kwa uangalifu zaidi, au nimwambie? Nikimwambia, si ataacha kabisa kula chakula changu? Naomba waliouguza wanisaidie. Wa kunichamba nao waje, nimeshajichamba sana mwenyewe.

MzeeWaPantoni

Pole sana mwanangu. Cha kwanza, mtoto amepona, mshukuru Mungu.

Watakuja hapa wa kukwambia ulifanya ukatili. Nawauliza hao: mmewahi kulala mmesukumia kabati mlangoni? Mmewahi kuamka saa nane kuhesabu visu? Binti yangu tulimtilia dawa kwenye chai mwaka mzima, huku Kigamboni. Bila chai ile angeshaingia baharini, maana alikuwa anaitwa na maji. Sijuti. Ila mimi sikuwa na mtoto mdogo ndani ya nyumba. Wewe unaye. Nunua chupa yenye mfuniko wa kufuli, mpe mkononi, simama mpaka amalize.

Tabibu_Asilia_Original

Dada mnahangaika bure, huyo kijana ana jini mahaba wa pwani na dawa za hospitali zinampumbaza tu. Nicheki kwa namba hii [namba imeondolewa na msimamizi] siku tatu anarudi chuo.

Fundi_Feni

Siku tatu anarudi chuo, ada unalipa wewe?

Binti_Mrima

Tusicheke sana, wengi humu tumepita huko. Sisi Tandika kaka yangu alisomewa ruqya, yaani kisomo cha Qur'an cha kumtibu mgonjwa, na mpaka leo anasomewa. Sioni ubaya. Sheikh aliyekuwa anamsomea alituuliza mapema, "Dawa za hospitali anameza?" Tukasema anameza. Akasema msiziache, mimi nasoma, nyie mmezesheni. Yule wa kabla yake ndiye alituambia dawa zinamzuia jini kutoka, tuzitupe. Tukazitupa. Baada ya mwezi kaka alimpiga mama na mwiko wa ugali, mama ambaye hajawahi kumwinulia hata sauti.

Kwa hiyo mimi mganga, mchungaji au sheikh nampima kwa hilo tu. Akisema acha dawa, naaga.

NesiMstaafu

DadaWaGomz, pole na hongera kwa kumwambia daktari ukweli. Wazazi wengi wangesema "sijui alichokula", na kijana wa zamu angehangaika na malaria usiku kucha.

Sitakuchamba. Nimefanya wodi ya akili miaka mingi, najua watu hufikaje kwenye uji. Nijibu matatu kwanza.

Dawa yenyewe inaitwaje, miligramu ngapi, mara ngapi?
Kuna kidonge kingine kidogo alichopewa cha kumeza pamoja nayo?
Alipoanza kugoma, alisema anagoma kwa nini? Niandikie maneno yake kama alivyoyasema. Usiyatafsiri.

DadaWaGomz

Mama asante. Haloperidol, miligramu 5, asubuhi na jioni. Kidonge kingine kidogo cheupe kilikuwepo mwanzoni, kikaisha. Dirishani wakasema hakipo, tukanunue nje. Famasia ya kwanza hawakuwa nacho, ya pili wakataka cheti ambacho sikwenda nacho. Nikaona kwa vile si dawa yenyewe tutaendelea na ile kubwa. Hatujakitafuta tena.

Alichosema: "Kuna watu usiku wananivuta shingo." Alikuwa anasema wanamvuta shingo na wanamkaza taya asiongee. Na kwamba ndani ya miguu kuna kitu kinamwambia atembee, hawezi kukaa. Tulijua ni ugonjwa unasema. Hata kwenye uji bado analalamika shingo, ila siku hizi analalamika kidogo kidogo.

NesiMstaafu

Mwanangu, rudi juu usome ulivyoandika kuhusu mtoto.

Fundi_Feni

Dah.

MzeeWaPantoni

Nimerudi kusoma. Nimeweka simu chini kwanza.

DadaWaGomz

Mama sijui niseme nini. Miezi yote hiyo.

NesiMstaafu

Usikae hapo kwenye kulia. Lia kidogo, halafu sikiliza.

Haloperidol ni dawa nzuri na imewarudisha wengi nyumbani kwao. Lakini inaweza kukaza misuli: shingo, taya, ulimi, macho kupanda juu. Vijana wa kiume ndio inaowapata zaidi, na watoto huwapata hata kwa dozi ndogo. Kile kidonge cheupe kwa maelezo yako ni benzhexol, wengine wanaiita Artane, kazi yake ni kulegeza huko. Huko kwenye miguu, kushindwa kutulia, kusimama, kukaa, kutembea, nako kunaletwa na dawa hizi hizi. Watu hudhani mgonjwa amezidiwa, wanaongeza dozi, naye anazidi kuhangaika. Nimewaona madaktari wakikosea hapo, sembuse nyie.

Mgonjwa wa namna hii anapoeleza maumivu, anayaeleza kwa lugha ya ugonjwa wake. Shingo inakaza kweli. Hajui kwa nini, basi anatafuta wa kumlaumu: "watu wananivuta". Waliopo nyumbani wanasikia "watu", hawasikii "shingo".

Sasa usikimbilie kuiacha dawa leo. Ukiikata ghafla utamrudisha Barabara ya Pugu. Ila usisubiri tarehe ya kadi pia, nenda kliniki kesho. Si lazima upande mpaka Muhimbili, kliniki ya akili ipo Amana, ipo Temeke, ipo Mwananyamala. Waambie shingo, taya, miguu, na mwambie daktari kwamba kidonge kidogo hakijamezwa kwa miezi. Kuna kupunguza dozi, kuna kurudisha hicho kidonge, kuna kubadili kwenda risperidone au olanzapine. Hizo nazo zina yake, olanzapine huwanenepesha wengi. Mwache daktari apime.

Na huo uji unamficha daktari pia. Yeye anajua kijana anakunywa miligramu 10 kwa siku. Wewe unajua kila siku anaacha kiasi gani chini ya kikombe?

Juma_wa_Mikeka

Si apigwe tu sindano ya mwezi? Binamu yangu anachomwa Modecate mara moja kwa mwezi, hakuna kusaga wala kutema.

NesiMstaafu

Inasaidia wengi, kwa mlezi ni pumziko kubwa. Lakini sindano hiyo nayo inaweza kukaza vile vile, na ukishaichoma huwezi kuitoa mwilini, unasubiri wiki zipite. Kwa kijana ambaye shingo imeshamsumbua hivi, daktari aambiwe kabla ya sindano.

Kimya_cha_Buguruni

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mnaongea walezi watupu, acha niongee mimi niliyewekewa.

Nina miaka 29. Niliugua nikiwa na 21. Mimi walinitilia kwenye mchuzi, na ilikuwa Largactil, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ambayo ina uchungu usiofichika kwa nazi wala ndimu. Sikusema kitu siku ile. Niliendelea kula huku namwangalia shangazi usoni. Na yeye akawa ananiangalia kijiko.

Sasa elewa kichwa changu kilivyokuwa. Nilikuwa naamini kuna watu wananitilia vitu kwenye chakula. Hospitali walikaa na mimi wiki nne kunieleza kwamba hayo ni mawazo ya ugonjwa. Narudi nyumbani nakuta ni kweli, wananitilia. Kuanzia hapo daktari alikuwa mwongo, shangazi mwongo, na ile sauti ndiyo pekee iliyonambia ukweli. Miezi sita sikula chakula cha nyumbani. Nilikula mihogo ya barabarani na chapati, nachagua muuzaji tofauti kila siku asinizoee. Nikalazwa tena nikiwa na kilo 47.

Simlaumu shangazi. Alikuwa peke yake na mimi, mume wake ameshamwambia achague.

Mlichouliza, je akijua ataacha kula? Anaweza akaacha. Mimi niliacha. Lakini mimi niligundua mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Kama angekaa akaniambia kabla sijaonja, sijui ingekuwaje. Nafikiri ningekasirika wiki moja.

Kilichonirudisha ni kitu kidogo. Shangazi aliweka karatasi ya vidonge mezani mbele yangu, akasema, "Hizi hapa. Sitakufuata chooni. Kesho nitakuuliza umelalaje." Basi. Akawa anauliza kweli kila asubuhi, umelalaje, haniulizi umemeza. Siku nilizomeza nilikuwa na jibu zuri. Nikaanza kupenda kuwa na jibu zuri. Kliniki nikawa naingia peke yangu kwa daktari, yeye anakaa benchi nje, akitaka kusema la kwake anaitwa baadaye.

Sasa hivi natengeneza simu, nina meza yangu. Sauti bado naisikia, hasa mvua zikinyesha mabati yakilia. Najua ni yenyewe.

Binti_Mrima

Kaka umeniliza. "Haniulizi umemeza." Mimi kila siku naanza na "umemeza?" kabla ya shikamoo yake.

MzeeWaPantoni

Kimya, umenipa la kufikiri, na sisemi zaidi. Binti yangu siku hizi ananitengenezea chai mimi. Sijawahi kumwambia kuhusu ile ya mwaka ule. Labda anajua.

Mama_Mapacha_Tabata

Wote mmeongea kuhusu mgonjwa. Niulize mimi. DadaWaGomz, wewe mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini? Kazi unafanya?

DadaWaGomz

Nilikuwa nauza duka la vitenge Kariakoo. Niliacha mwezi wa pili, bosi alichoka ruhusa zangu. Kulala nalala ukumbini, godoro limezuia mlango. Kaka yetu mkubwa yuko Mwanza, anatuma hela akijaliwa, na kwenye kundi la ukoo anatuma ushauri kila siku. Jana baada ya ya mtoto amenitumia sauti ya dakika nne.

Mama_Mapacha_Tabata

Dakika nne! Hao ndio wenyewe. Kwetu alikuwa mjomba, Arusha, anajua kila kitu kuhusu mwanangu isipokuwa namba ya kiatu chake.

Nikwambie nilichofanya, wakwe zangu hawajanisamehe hadi leo. Mwaka wa tatu wa kuuguza nilianguka sokoni, presha imepanda, sikuwa najua hata kama ninayo. Nilipotoka hospitali sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa dada yangu Kibaha, nikazima simu siku kumi. Mjomba akapanda basi. Mume wangu akachukua likizo ambayo miaka mitatu haikuwepo. Wakagundua mwanangu halali taa ikizimwa, hapendi kuguswa mgongoni, na anakula vizuri ukikaa naye bila kumwangalia. Mimi nilikuwa nayajua hayo peke yangu kama siri ya serikali.

Sikwambii ukimbie. Nakwambia mwambie kaka wa Mwanza aache sauti, aje wiki mbili, alale kwenye hilo godoro. Hela ya dawa anayotuma haitoshi, na sisemi kiasi. Na maneno ya kwamba matibabu ya akili hospitali za serikali ni bure, ni kweli msamaha upo, lakini msamaha hauleti dawa dirishani siku ambayo haipo. Waganda wa famasia hawajui msamaha. Kila mlezi awe na akiba ya dozi ya mwezi mmoja mbele, hata kwa mchango wa kikoba.

(Nimeandika "waganda", namaanisha wauzaji, simu inajisahihisha. Waganda mtanisamehe.)

Fundi_Feni

Swali la pembeni: chuo mliandika barua ya kuahirisha masomo? Mdogo wangu mimi aliugua hivyo hivyo, hatukuandika kitu, akadisko, yaani akaondolewa chuo, kwa kutofanya mitihani. Mwenzake aliyepeleka barua ya daktari aliahirisha mwaka, akarudi akamaliza.

DadaWaGomz

Hatukuandika. Hakuna aliyefikiri. Ule usiku alipokuwa anakwenda Morogoro kufanya mtihani tukamcheka ili tusilie.

NesiMstaafu

Ulizia hata sasa. Barua ya daktari ichukueni kesho hiyo hiyo mkiwa kliniki.

Juma_wa_Mikeka

Bangi anatumia? Maana wa kwetu ilikuwa hiyo. Akivuta, hata umpe dawa gani, wiki ya pili tunamfuata kituo cha polisi.

DadaWaGomz

Alikuwa anavuta chuo. Huku sina uhakika, kuna vijana wa kijiweni anakaa nao jioni. Nilikuwa nimefurahi tu kwamba ana watu.

Kimya_cha_Buguruni

Usimkataze kijiwe. Hao wakimkubali kukaa nao ni dawa nusu. Ongea na mmoja wao mwenye akili, kila kijiwe kina mmoja.

---

DadaWaGomz (siku kumi na moja baadaye)

Mrejesho wakuu, niliahidi.

Kliniki hatukwenda kesho yake, tulikwenda siku ya tatu, kwa sababu nilitaka nimwambie kwanza. Nilimwambia jioni, umeme umekatika, tumekaa barazani. Nilianza vibaya. Nikaanza kwa kusema sisi tunakupenda, akaniangalia kama mtu anayesubiri kuombwa hela. Nikaacha hizo, nikasema: "Nimekuwa nakutilia dawa kwenye uji tangu mwezi wa tatu. Mtoto alikunywa uji wako ndiyo shingo ikamkunja."

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikajua anaondoka. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hii shingo yangu si wao?"

Nikasema si wao, ni dawa. Akashika shingo kama anaipima. Akasema, "Niliwaambia." Nikasema ndiyo, ulituambia.

Sasa msifikiri tukakumbatiana. Aliingia ndani, na siku tatu hakugusa chungu changu. Chipsi za barabarani, soda ya kujifungulia mwenyewe. Nilikuwa naumwa tumbo kwa hofu. Mama mpaka leo haongei na mimi, anasema nimebomoa kilichokuwa kimesimama. Kuna saa namwona ana haki.

Kliniki aliingia mwenyewe, nikakaa benchi kama Kimya alivyosema. Alitoka baada ya nusu saa, zaidi ya muda wote aliowahi kuongea na daktari yeyote. Wamepunguza haloperidol, wamerudisha benzhexol, na baada ya wiki mbili wataangalia kama wabadili kabisa. Barua ya chuo tumeipata. Kaka wa Mwanza amesema atakuja mwisho wa mwezi, nikamjibu mwezi una mwisho wake, aseme tarehe. Kasema tarehe.

Dawa anakaa nazo mwenyewe, chumbani kwake, juu ya kabati ambako mtoto hafiki. Alhamisi hakumeza, najua kwa sababu nilihesabu. Nilihesabu akiwa amelala, nikajisikia mwizi. Ijumaa alimeza.

Uji anajipikia. Mwembamba kama maji ya kuoshea mchele, lakini anajipikia.

Kimya_cha_Buguruni

Usihesabu. Au hesabu, ila mwambie unahesabu.

DadaWaGomz

Nitamwambia.

NesiMstaafu

Shingo inaendeleaje? Na analala saa ngapi?

DadaWaGomz

Shingo imelegea, miguu bado kidogo. Anaingia kulala saa nne. Jana ilikuwa saa saba. Nimeandika kwenye daftari, leo naangalia tena.